Naomba ushauri: niamini kiwango kipi cha makosa?

Wakuu, nina sampuli 60 tu za makundi mawili. Nikikipima kiainishi (programu inayokisia sampuli ni ya kundi lipi) kwa data ileile niliyokifundishia, kinakosea 2. Hiyo siiamini, ni kama mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Nikiacha sampuli moja nje kila mzunguko, nikakifundisha kwa zilizobaki kisha nikakipima kwa hiyo moja, kinakosea 9, yaani 15%, ingawa kwa sampuli chache hivi ukweli unaweza kuwa popote kati ya 8% na 26%, takriban.

Kinachoninyima usingizi: vipimo 5 bora (sifa za sampuli ambazo kiainishi hutumia kukisia) nilivichagua kati ya 40 kwa kutumia sampuli zote 60, kabla ya kuanza mizunguko. Je, nimechungulia majibu? Nirudie uchaguzi ndani ya kila mzunguko? Na butistrapu ya .632 ya Efron (1983), yaani njia ya kukadiria makosa kwa kuchota sampuli upya mara nyingi kutoka data ileile, itapunguza kuyumba huku kwa makadirio?