Ulikuwa wapi siku Luis Miquissone, winga wa Simba, anaitungua Al Ahly ya Misri? Tupeane uzoefu

Mnyama Halisi: Nimekutana na kipande cha lile goli la Februari 23, 2021, usingizi umekata. Konde Boy, yaani Miquissone, alitua Simba pale Msimbazi Januari 2020, Agosti 2021 akaondoka, tena kwa haohao Al Ahly. Mimi nilikuwa uwanjani kwa Mkapa. Waarabu wametoka Qatar na shaba ya Kombe la Dunia la klabu, jamaa kawafunga kama anacheza ndondo. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua mpaka leo. Wengine mlikuwa wapi?

Lunyasi Damu: Kibanda umiza. Umeme ulikatika dakika chache kabla ya goli. Sisemi zaidi.

Mwananchi wa Jangwani: Mkitaja winga wa muda mfupi, ni Morrison alipokuwa kwetu Yanga. Machi 8, 2020, faulo moja tu, Simba mkalala na viatu.

Lunyasi Damu: Huyohuyo msimu uliofuata alivaa nyekundu ya Simba, mkakimbilia mpaka CAS, mahakama ya michezo. Kafungue uzi wako.

Bwana Kimya: Mimi nilikuwa makaburini. Baba mkubwa alifariki usiku, maziko baada ya alasiri, mechi saa 10. Nikachomeka sikioni kispika kimoja, kofia nimeishusha. Tumeshafukia, shekhe anaomba dua, watu wameinua mikono. Mtangazaji akapandisha sauti, nami nikapandisha yangu: "GOOO!" Dua ikasimama. Shangazi akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona tena. Nilitamani nimfuate marehemu. Mjomba akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye mwembe, nikajua makofi hayo. Akaninong'oneza: "Nani kafunga?"

Mama Wawili: 😂😂😂 Nimemwamsha mume wangu.

Lunyasi Damu: Ulimjibu?

Bwana Kimya: Nilimjibu. Akasema "alhamdulillah," shangazi akadhani ni ya marehemu.

Mzee wa Haki: Msibani simu inazimwa. Tuwe na adabu.

Mwananchi wa Jangwani: Simu iwashwe, sauti ndiyo izimwe. Tena marehemu huenda alikuwa Yanga, mngemkera.

Bwana Kimya: Alikuwa Simba kindakindaki. Ndiyo maana shangazi alinisamehe, ingawa ilichukua muda.

Mnyama Halisi: Kumbukeni pia Agosti 2019, Luis akiwa UD Songo ya Msumbiji, alitutoa Ligi ya Mabingwa kwa faulo hapahapa Dar. Adui akikuumiza hivyo, msajili.

Mzee wa Haki: Lakini msimrudishe! 2023 alirudi Luis mwingine kabisa. Mchezaji akishauzwa, mwagie maji.

Lunyasi Damu: Kiungo Chama naye alikwenda Berkane ya Morocco akarudi, mbona alitubeba?

Mzee wa Haki: Chama si winga. Winga anakula mbio, mbio zikiisha kwisha habari.

Mama Wawili: Mume wangu anauliza, mjomba wa makaburini yupo humu?