Odoo 16 kwenye Ubuntu 24.04: gevent inagoma, ankara hazina kichwa, websocket inakatika

stoo_jinja

Wakuu, salaam. Seva ni ya duka la jumla hapa Jinja: kori 4, RAM GB 8, Ubuntu 24.04, watumiaji kama 15 kwa wakati mmoja. Lazima iwe Odoo 16 (programu ya kuendesha biashara) kwa sababu moduli ya EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi Uganda) iliyonunuliwa haikubali toleo jingine.

pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) ilikataa na ujumbe wa `externally-managed-environment`. Ikalazimishwa kwa `--break-system-packages`, ikafika kwenye gevent (maktaba ya Python ambayo Odoo inaitegemea) ikafia hapo. Ikawekwa gevent mpya kwa mkono, Odoo ikawaka. Sasa ankara zinatoka bila nembo wala TIN (namba ya mlipakodi) juu, na chini hakuna namba ya ukurasa. Tena tangu niweke `workers = 9` (idadi ya michakato ya Odoo inayofanya kazi sambamba), kila skrini inasema mawasiliano yamekatika, na log imejaa hii:

`RuntimeError: Couldn't bind the websocket. Is the connection opened on the evented port (8072)?`

Nirekebishe hapo hapo au nifute nianze upya?

fundi_wa_log

Futa, ndugu. Hiyo seva imeshachanganywa. Ujumbe wa kwanza wa pip ulikuwa unakukinga: Python ya mfumo inatumiwa na zana za Ubuntu yenyewe, na ukiilazimisha unaweza kuziharibu bila kujua hadi siku ya kusasisha.

Shida yenyewe ni kwamba matoleo hayaendani. Ubuntu 24.04 inakuja na Python 3.12. Odoo 16 inaomba gevent na greenlet (maktaba ambayo gevent inaitegemea) za zamani, na greenlet hizo zinagusa sehemu za ndani za Python ambazo 3.12 ilizibadilisha. Kuweka gevent mpya kwa mkono kunaifanya Odoo iwake, ila unaendesha mchanganyiko ambao hakuna aliyeupima. Weka Ubuntu 22.04, yenye Python 3.10.

Kabla ya pip yoyote:

`sudo apt install postgresql git build-essential python3-dev python3-venv libpq-dev libldap2-dev libsasl2-dev libxml2-dev libxslt1-dev libjpeg-dev`

Ukikosa libpq-dev, psycopg2 (kiunganishi cha Python na databesi ya PostgreSQL) inagoma. Ukikosa zile mbili za ldap na sasl, python-ldap inagoma, na makosa yake hayakwambii wazi kinachokosekana.

Kisha tengeneza mtumiaji wa mfumo anayeitwa odoo, na mwenzake kwenye databesi:

`sudo -u postgres createuser -d -R -S odoo`

Usiunganishe Odoo kwa mtumiaji postgres, itajizima yenyewe. Wala usimpe odoo mamlaka yote kwa `-s` kama miongozo mingi inavyoelekeza. Uwezo wa kuunda databesi unamtosha.

Sasa venv (mazingira ya Python yaliyotengwa na ya mfumo), ndani yake `pip install -r requirements.txt`. Hata kwenye 3.10, gevent 21.8.0 inaweza kugoma ikijengwa na Cython 3 (zana ya kukusanya msimbo). Ukiona `corecext.pyx` kwenye makosa, ndiyo hiyo. Dawa:

`echo 'cython<3' > /tmp/kikomo.txt`
`PIP_CONSTRAINT=/tmp/kikomo.txt pip install -r requirements.txt`

karatasi_na_wino

La ankara: PDF zake zinachorwa na programu ya wkhtmltopdf. Andika `wkhtmltopdf --version`. Kama jibu halina maneno `with patched qt`, umechukua ile ya apt, na ile haiwezi kuchora kichwa wala mguu wa ukurasa. Iondoe, kisha weka `wkhtmltox_0.12.6.1-2.jammy_amd64.deb` kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Hiyo ni ya 22.04, sababu nyingine ya kuhama.

Kichwa kikirudi lakini ankara ikatoka maandishi matupu bila mpangilio, basi seva haiwezi kujifikia kwa anwani iliyoko kwenye `web.base.url`. Ongeza kigezo cha mfumo `report.url` chenye thamani `http://127.0.0.1:8069`.

nginx_mbarara

Workers 9 umetoa kwenye kanuni ya kori mara mbili jumlisha moja. Hicho ni kiwango cha juu tu. Mwongozo wa Odoo unakadiria mfanyakazi mmoja kwa watumiaji 6, kwa hiyo 15 wanatoshwa na 3. Weka 4, na cron (mfanyakazi wa kazi za ratiba) 1. Kwa makadirio yale yale ya Odoo (kazi nyepesi 80% kwa MB 150, nzito 20% kwa GB 1), watano hao wanakula kama GB 1.6. PostgreSQL inabaki na nafasi ya kupumua.

Kosa la websocket (njia ya mawasiliano ya papo kwa papo kati ya kivinjari na seva) linatokana na nginx, programu inayopokea maombi mbele ya Odoo. Ukishaweka workers, Odoo inafungua mlango wa pili, 8072, na maombi ya `/websocket` lazima yapelekwe huko. Bila shaka ulinakili mpangilio wa Odoo 15 kurudi nyuma, ambao unatumia `/longpolling`. Kwenye 16 njia hiyo haipo tena, na hata jina kwenye faili ya mipangilio sasa ni `gevent_port`.

```
location /websocket {
  proxy_pass http://127.0.0.1:8072;
  proxy_http_version 1.1;
  proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
  proxy_set_header Connection "upgrade";
  proxy_set_header X-Forwarded-Host $host;
  proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
}
```

`location /` iende 8069 na X-Forwarded hizo hizo. Kwenye odoo.conf weka `proxy_mode = True` na `list_db = False`. Ongeza na `client_max_body_size 200m`, maana kikomo cha nginx ni MB 1, na mtu akipakia orodha ya bidhaa ataona kosa 413 aseme Odoo ni mbovu.

stoo_jinja

Asanteni sana. Data iliyokwisha kuingizwa nahamishaje? Na umeme hapa unakatika bila taarifa.

fundi_wa_log

Zima Odoo kwanza. Databesi: `pg_dump -Fc`. Lakini databesi peke yake haitoshi ssebo. Picha na viambatisho viko kwenye folda ya `filestore`, kwa kawaida `~/.local/share/Odoo/filestore/` ya mtumiaji odoo. Ukiisahau, mfumo utawaka na picha zote zitakuwa tupu. Angalizo: 24.04 ina PostgreSQL 16 na 22.04 ina 14, na kurudisha nakala ya 16 kwenye 14 kunaweza kugoma. Weka PostgreSQL 16 kutoka hazina ya PostgreSQL wenyewe, kisha `pg_restore`.

Umeme: UPS iunganishwe kwa waya wa USB, NUT (programu inayofuatilia UPS) izime seva yenyewe betri ikishuka. Mtu akikushauri `fsync = off` (PostgreSQL isisubiri data ifike kwenye diski) ili iende kasi, mkatalie. Umeme ukikatika hapo databesi inaweza kuharibika kabisa.

karatasi_na_wino

Kabla ya kuwaita wahasibu, jaribu ankara moja ya EFRIS ukiangalia saa. Odoo inahifadhi muda kwa UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Moduli isipoongeza hizo tatu, ankara ya saa mbili asubuhi inakwenda na muda wa saa kumi na moja alfajiri.