Java: kwa nini == inakubali 127 na 127, lakini inakataa 128 na 128?

Muulizaji

Habari zenu wanajamvi. Huu ni mwezi wangu wa tatu nikijifunza Java, na nimekwama mahali ambapo nilidhani nimepaelewa tangu wiki ya kwanza. Nina orodha mbili za aina ya List<Integer>, na ninalinganisha namba zilizo katika nafasi moja kwa opereta ==. Nilipojaribu kwa namba ndogondogo, kila kitu kilikwenda sawa. Nilipoingiza data halisi, programu ikaanza kudai kwamba namba zinazofanana kabisa hazilingani. Nimelipunguza tatizo hadi mistari hii:

Integer a = 127, b = 127;
System.out.println(a == b);
Integer c = 128, d = 128;
System.out.println(c == d);

Mara ya kwanza inachapishwa true, mara ya pili false. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba c <= d inatoa true, c >= d nayo inatoa true, ila c == d inatoa false. Inawezekanaje namba isiwe kubwa wala ndogo kuliko mwenzake, na bado isiwe sawa nayo?

Jibu la kwanza

Ndugu, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako, haijakosea. Vigeu vyako si vya int bali ni vya Integer, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kigeu cha int hubeba namba yenyewe, ilhali kigeu cha Integer hubeba rejeo, yaani kielekezo cha objekti iliyo katika kumbukumbu, na ndani ya objekti hiyo ndimo namba ilimo. Fikiria bahasha mbili, kila moja ina karatasi iliyoandikwa 128: opereta == haifungui bahasha, inauliza tu kama unayoishika mkono wa kulia ndiyo hiyohiyo unayoishika mkono wa kushoto. Opereta <= na >= haziwezi kufanya kazi juu ya marejeo, kwa hiyo Java hulazimika kuzifungua bahasha kwanza na kulinganisha namba. Ndiyo maana majibu yako matatu yanaonekana kupingana, ingawa kila opereta imejibu swali lake kwa usahihi.

Sasa kuhusu 127. Tangu Java 5 iliyotoka mwaka 2004, ukiandika Integer a = 127, namba hugeuzwa kuwa objekti bila wewe kuomba, na kwa kawaida kompaila huita Integer.valueOf. Methodi hiyo ina akiba ya objekti zilizotayarishwa mapema kwa namba kuanzia -128 hadi 127. Ukiomba 127 mara mbili, unapewa objekti ileile mara zote mbili. Ukiomba 128 umetoka nje ya akiba, na kwa mipangilio ya kawaida kila ombi huzaa objekti mpya. Andika c.equals(d), na tatizo litakwisha. Iwapo orodha yako inaweza kuwa na null, yaani rejeo lisiloelekeza kwenye objekti yoyote, tumia Objects.equals(c, d), kwa sababu kuita methodi juu ya null kutaivunja programu.

Jibu la pili

Naongeza jambo moja lililonigharimu siku nzima, kwani ushauri wa kutumia equals haujakamilika unapofika kwenye klasi ulizoziandika mwenyewe. Klasi isiyoandika equals yake huirithi ile ya Object, nayo hiyo hufanya kazi ileile ya ==. Mimi niliandika yangu, lakini nikaipa parameta ya aina ya klasi yangu, equals(Nukta n), badala ya equals(Object o). Kompaila ilikubali bila kulalamika, kwa kuwa nilikuwa nimeongeza methodi nyingine yenye jina hilohilo, sikuwa nimebadili ile iliyorithiwa. Nilipoiita moja kwa moja ilijibu vizuri. Nilipotafuta nukta zangu ndani ya ArrayList kwa contains, hazikuonekana. Weka @Override juu ya methodi, na kosa hilo litakamatwa kabla programu haijaanza kukimbia. Pia andika hashCode, methodi inayotoa namba ya kutambulisha objekti, pamoja na equals, la sivyo HashSet, mkusanyiko unaotafuta vitu kwa namba hiyo, itakuchezea mchezo uleule.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimebadili mistari miwili tu na orodha zinalingana. Lakini kwa nini siwezi kuiagiza == yenyewe ilinganishe yaliyomo katika klasi yangu? Nimeona C++ inaruhusu.

Jibu la kwanza

C++ inaruhusu, C# pia, na katika Python unaandika __eq__ ndani ya klasi, kisha == inaifuata. James Gosling, aliyeibuni Java, aliiacha fursa hiyo nje ya lugha kwa makusudi, baada ya kuona watu wengi wakiitumia vibaya katika C++. Binafsi naona alikuwa na hoja, ingawa Java yenyewe ilijipendelea kwa String: opereta + hujumlisha namba, na papo hapo huunganisha maandishi. Jaribu kuchapisha "Jumla: " + 2 + 3 na utapata Jumla: 23, kwa sababu hesabu huenda kutoka kushoto, na maandishi yakishaingia, 2 na 3 hugeuka kuwa herufi moja baada ya nyingine. Ukitaka 5, zungushia 2 + 3 mabano.