Jibu sahihi kwa -O0, baya kwa -O2: kompaila au asembli yangu?

mbegu64:
Wakuu, fanksheni hii (x86-64, Linux) inajumlisha safu ya int, na C inaiita ndani ya lupu. Kwa -O0 (kompaila haiboreshi kasi) kila kitu sawa. Kwa -O2 (inaboresha kasi) lupu ya C haiishi. Kama GCC, kompaila ninayotumia, haiaminiki, si afadhali programu yote iwe asembli?

```
jumla:
    xor eax, eax
    xor ebx, ebx
.rudi:
    add eax, [rdi+rbx*4]
    inc ebx
    cmp ebx, esi
    jl .rudi
    ret
```

steki_tupu:
GCC haina kosa hapo, mkuu. Kwa mkataba wa System V (kanuni za kuitana kwa fanksheni kwenye Linux), rejista (visanduku vya namba ndani ya prosesa) rbx, rbp na r12 hadi r15 lazima uzirudishe kama ulivyozikuta. Kwa -O0 vigeu vya C hukaa kwenye steki, yaani kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ukivuruga rbx hakuna anayeumia. Kwa -O2 kihesabio cha lupu ya C kimewekwa humo humo. Safu ikiwa na namba 10, kila ukirudi kihesabio kinakuta 10, kinakuwa 11, kisha 10 tena. Hakifiki mwisho ng'o. Tumia rcx, hiyo ni ya kuchezea. Ukitaka kuona mwenyewe asembli inayotolewa na kompaila, gcc -O2 -S.

lebo_ya_mwisho:
Kuna jingine. Urefu ukiwa 0, bado inasoma namba moja kabla ya kulinganisha. Kabla ya .rudi weka test esi, esi halafu jle iruke hadi kwenye ret. Lupu ya for ya C isingekuachia shimo hilo.

kagua_kwanza:
Kompaila nazo zina kasoro zake: Csmith (programu inayotunga kodi za C za kubahatisha ili kujaribu kompaila) ilifichua zaidi ya 325 kufikia 2011, za GCC na LLVM zikiwemo. Ila -O2 ikibadilisha jibu, anza kushuku msimbo wako: washa maonyo ya -Wall -Wextra, kisha -fsanitize=undefined,address inayokagua makosa programu ikiendeshwa (hizi hazikagui asembli). Kinachoudhi kweli ni memset ya kufuta nywila mwishoni mwa fanksheni. Kompaila huiondoa kwa kuwa hakuna anayesoma tena, tumia explicit_bzero, ambayo haiondolewi.

mbegu64:
rcx imetibu. Nikiandika asm ndani ya C yenyewe, sheria ni hizo hizo?

steki_tupu:
Hapo ni kali zaidi. Kila rejista unayoibadilisha na ambayo hukuitangaza kama ingizo au tokeo itaje mwishoni mwa asm, na "memory" ukiandika kwenye kumbukumbu. Usipoitaja, GCC inaamini hujaigusa.