Jiwe gani lifae kuta za ukumbi wa maktaba: matumbawe, Mazeras au marumaru?

Mkaazi wa Malindi
Assalaam alaykum. Kamati yetu imepewa wiki mbili kuchagua jiwe la kuta za nje za maktaba ya umma: matumbawe ya Manda, jiwe la Mazeras, au mabamba ya marumaru kutoka ng'ambo. Naomba ushauri.

Mwashi wa Langoni
Alaykum salaam, ndugu yangu. Hujatueleza yanayoamua: jengo liko umbali gani na bahari, jiwe litabeba paa au litavishwa juu ya zege, na bamba lina unene gani? Mimi nachagua matumbawe. Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821, ingali imesimama, kwa kuwa mawe yake yameungwa kwa chokaa, nayo chokaa huuachia unyevu utoke.

Binti Shela
Maalim, matumbawe yataka fundi wa chokaa, nao wamebaki wachache. Madrasa yetu ilikuwa na kuta za matumbawe. Mkandarasi akabandua chokaa yote na kupiga plasta ya saruji. Mwaka wa kwanza ilipendeza. Baada ya masika ya pili, chumvi iliyokosa njia ya kutokea ilivimbisha plasta hadi ikaporomoka, na nyuma yake tukakuta jiwe linachunika kama unga. Tulihamisha watoto barazani kwa miezi minne.

Mvuvi wa Mkomani
Tena msiyakate matumbawe hai baharini. Ndiyo mazalia ya samaki.

Mwashi wa Langoni
Ya Manda huchimbwa nchi kavu, bwana. Yale ya baharini, laini yakiwa mabichi, wazee waliyatumia kwa nakshi, hasa za mihrabu.

Msanifu wa Kilifi
Turudi kwenye marumaru. Jumba la Amoco, Chicago, lilivishwa mabamba membamba ya marumaru ya Carrara, Italia, yapatayo 43,000 miaka ya 1970. Mabadiliko ya joto na baridi yakayapinda, na kufikia 1992 yote yalikuwa yameondolewa na kuwekwa matale (graniti) mazito zaidi. Ukumbi wa Finlandia, Helsinki, ulipatwa na hayo hayo. Mazeras nalo ni jiwe la mchanga, lenye matabaka. Lisimamishwe vibaya, litabanduka.

Mkaazi wa Malindi
Niwieni radhi kwa kuchelewa. Bahari iko hatua mia mbili, kuta ni za zege, na bamba la marumaru lina sentimita mbili.

Msanifu wa Kilifi
Sentimita mbili ni kidogo mno. Je, vishikizo vyake ni vya chuma gani?