Lebo ya vijana wa Lamu: neno latosha, au waandikiane?

Mleta mada, Mkomani

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Kuna jambo limetugawa barazani petu tangu juma lililopita, nami naona si la baraza moja. Vijana watano wa mtaani wapiga gitaa la umeme, dramu na udi, roki kali yenye maneno ya Kiamu. Pesa za arusi na za shoo hawazigawani. Wamezitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga hadi zimefika kiasi cha kufungua lebo yao wenyewe, yaani kampuni ya kutoa muziki, watoe kazi zao na za wenzao wa Pate na Faza. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Tulipotofautiana ni hapa: hawataki kuandikiana mkataba na msanii yeyote. Wasema neno la muungwana latosha. Mimi nasema waandike.

Mfano wao ni Dischord, lebo ya Marekani, na ni mfano mzuri sana, basi niueleze kwa wasioujua. Mwaka 1980 kule Washington, Marekani, kulikuwa na bendi ya panki, roki ya kasi na kelele, ya vijana wadogo, Teen Idles. Kila walicholipwa kwenye shoo walikiweka pamoja. Bendi ilipovunjika ikabidi waamue: wagawane, au watoe santuri ya ukumbusho. Wakachagua santuri, nyimbo 8, nakala 1,000. Ian MacKaye na Jeff Nelson hawakungoja kampuni iwachukue, walianzisha yao, ndiyo Dischord. Hata jalada hawakujua latengenezwaje. Walichukua jalada la santuri ya Uingereza, wakalibandua, wakalilaza, wakafuatisha mistari yake. Yalipochapishwa, wao na marafiki wakashika makasi na gundi, wakakata, wakakunja na kubandika moja baada ya moja. Hebu fikirini majalada elfu moja ya mkono!

Lebo hiyo iko hadi leo. Imetoa bendi za mji wake, bei imeiweka chini, na faida, gharama zikishatolewa, hugawanywa nusu kwa nusu na bendi, bila mkataba. Fugazi, bendi ya baadaye ya MacKaye, ilijulikana kwa tiketi ya dola 5. Yote haya ni kweli, na vijana wetu wana haki ya kuyapenda.

Lakini Touch and Go, lebo ya Chicago, nayo ilikwenda kwa neno vilevile, nusu kwa nusu. Butthole Surfers, mojawapo ya bendi zake, wakataka mgao ubadilishwe, hawakuelewana, wakafika kortini. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikasema: mapatano yenu hayakutaja muda, basi yaweza kuvunjwa wakati wowote. Hapakuwa na mwizi pale. Palikuwa na watu walioaminiana wasiulizane "hadi lini?"

Nami nina langu. Ami yangu alipiga udi. Miaka ya themanini alirekodi kanda tatu kwa mwenye duka mmoja, wakapatana kwa mdomo kwamba kila kaseti ikiuzwa ami ana fungu lake. Na alipewa, sitamsingizia marehemu. Kaseti moja ninayo: jalada la karatasi ya samawati, jina la ami limeandikwa kwa kalamu ya wino, herufi moja imekosewa. Mwenye duka akafa. Miaka miwili baadaye ami naye akafa. Siku hizi sauti yake naisikia kwenye simu za watu nisiowajua, na watoto wake hawana la kudai, wala watoto wa mwenye duka hawajui baba yao alipatana nini. Neno lilikuwa baina ya watu wawili, na wote wawili wako makaburini.

Nyinyi mwaonaje?

Mchangiaji, Langoni

Kaka, nakuheshimu lakini nakupinga. Wasanii wangapi wa pwani wameumizwa na neno, na wangapi wameumizwa na karatasi? Mimi ni wa karatasi. Nilipewa kurasa 14 za Kiingereza cha mawakili, nikaambiwa tia sahihi hapa, na hapa, na hapa. Mwaka wa nne sasa siwezi kuuimba wimbo wangu mwenyewe kwenye arusi ya dadangu bila kuwaza. Ndiyo maana vijana hawa wanaogopa, na wana haki. Mkataba kwetu umekuwa chombo cha mwenye nguvu. Anayeuandika ndiye anayeujua.

Zein l'Abdin alizaliwa hapa hapa Lamu, Juma Bhalo Malindi. Walikua katika taarabu ambayo mtu alimjua mtu, mshairi alimjua mwimbaji. Ule ujirani ndio uliotupa muziki. Mkianza kutoa makaratasi, vijana wa Faza watauliza: kumbe hamtuamini?

Mwalimu mstaafu, Shela

Mwanangu wa Langoni, pole kwa yaliyokupata. Lakini lile la "hamtuamini" haliwezi kupita hapa Lamu bila jibu. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni. Yatutaka tuandike deni la muda likiwa dogo au kubwa, tusichoke, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Aliyeambiwa ni muumini na muumini mwenziwe. Basi kuandika si tuhuma.

Nanyi vijana mwasema ahadi ni deni. Vyema. Ikiwa ni deni, liandikwe. Wazee wetu wa majahazi waliaminiana hadi Maskati, na bado nahodha alikuwa na daftari. Walijua mali bila daftari hupotea bila habari.

Mchangiaji, Malindi

Mimi nashika hesabu za duka, ndipo ninapoanzia. Nyote mwabishana neno na karatasi, na hela hazijatajwa. Lookout, lebo ya California, ilianza 1987, ikatoa albamu mbili za kwanza za bendi ya Green Day. Bendi ilipohamia kampuni kubwa na kuvuma 1994, Lookout ikaziuza kwa wingi zile albamu za zamani. Pesa zikaingia. Lakini lebo ikaja kuwa nyuma na mirabaha, yaani mafungu ya mauzo, ya wasanii wake, na 2005 Green Day wakaziondoa albamu zao. Mwaka 2012 lebo ikafungwa. Hapo tatizo halikuwa sahihi wala kupeana mikono. Fungu la msanii lilikuwa limechanganyika na pesa za kazi.

Vijana wa Lamu wawe na mikebe miwili. Fungu la msanii likiingia leo, litengwe leo, hata ikiwa printa imeharibika na nauli ya boti haipo. Na kila miezi mitatu daftari lifunguliwe mbele ya msanii, aone mwenyewe.

Mleta mada

Dada wa Malindi, umenishinda hapo, na nimewapelekea neno lako jana usiku. Wa Langoni, hofu yako naielewa, ila karatasi yaweza kumlinda mnyonge. Factory ya Manchester, lebo ya bendi ya Joy Division, iliandika kwamba wanamuziki ndio wenye kazi zao na kampuni haina kitu. Ilipokwama kifedha 1992 na kampuni kubwa ikaja kununua, ikakuta hakuna haki za kuuziwa. Kampuni ilikufa, nyimbo zikabaki kwa wenyewe. Hata sheria ya hakimiliki ya Kenya haikubali haki zihamishwe kwa mdomo, yataka maandishi na sahihi. Maana yake vijana wakienda kwa neno, lebo yao haitakuwa na hoja siku kampuni ya nje ikija na karatasi kwa msanii wao.

Nimeandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mwalimu ameupitia. Kanda ni ya msanii. Lebo ina ruhusa ya kuitoa na kuiuza. Gharama zaorodheshwa kwa risiti, kinachobaki ni nusu kwa nusu. Mikebe miwili. Daftari kila miezi mitatu. Msanii akifariki, fungu lake ni la warithi wake, na majina ya mashahidi wawili yako chini.

Mkubwa wa vijana ameusoma mara mbili, kisha akaniuliza kama ami angeutia sahihi. Nikamwambia angeutia.

Mstari mmoja bado mtupu, wa muda. Wao wasema miaka mitatu kwa kila kanda. Wa Pate wasema mwaka mmoja. Wanakutana Ijumaa baada ya Alasiri, basi aliye na la kusema juu ya huo mstari aseme kabla ya hapo.