Maporomoko ya maji karibu na Mbeya: watoto wawili na mbwa, twende wapi?

mama_uyole
Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoifahamu Rungwe. Likizo ya mwezi wa sita tunataka kuwapeleka watoto waone maporomoko, twende na kurudi siku hiyohiyo. Mmoja ana miaka 4, mwingine 8, na mbwa wetu ana kilo kama 20. Usafiri ni gari dogo. Kaporogwe, Kijungu au Ngozi? Na mbwa anaruhusiwa?

mzawa_tukuyu
Ugonile mama. Kwa umri huo nendeni Kaporogwe. Kijungu ni pazuri, ila pale mto Kiwira unajikusanya na kutumbukia kwenye tundu la mwamba, na ukingo wake unateleza kama umepakwa mlenda. Mtoto wa miaka 4 hapafai hata akiwa ameshikwa mkono. Ngozi ni ziwa juu ya mlima, siyo maporomoko. Njia yake ni kupanda tu, na karibu na kileleni mtashika mizizi kwa mikono.

Kaporogwe ipo kusini mwa Tukuyu kwenye mto Kala. Maji yanaanguka kama mita 25, yaani jengo la ghorofa nane hivi, na nyuma ya pazia la maji kuna uwazi kama pango. Fuateni lami ya Kyela mpaka Ushirika, kisha mnaacha lami. Kama usiku mvua imenyesha, gari dogo liacheni Ushirika mchukue bodaboda, kwa sababu udongo mwekundu wa huku ukilowa matairi yanazunguka palepale. Mtoto wa miaka 4 akae kati ya dereva na mzazi, asiwekwe mbele kwenye tangi.

Muda: tokeni Uyole saa 1 asubuhi, na ikifika saa 8 mchana muwe mmeshapanda kutoka bondeni. Tukuyu haina kiangazi cha kuaminika, hata mwezi wa sita manyunyu yapo na baridi ipo. Beba nguo kavu seti mbili kwa kila mtoto. Seti moja haitoshi, rasharasha za maporomoko peke yake zinawalowesha.

njia_za_milimani
Naongezea kwenye mteremko, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Yeboyebo ziacheni nyumbani: zikiingia maji mguu unateleza ndani ya kiatu chenyewe. Mabuti ya mvua nayo yakijaa maji mtoto hawezi kunyanyua mguu. Vaeni raba zenye meno, kamba zikazwe.

Mdogo akichoka mtambeba mgongoni kwa kitenge, sawa, lakini kushuka na mtoto mgongoni kuna hatari yake: ukiteleza unaanguka kinyumenyume, yeye ndiye anayefikia chini kwanza. Shuka kiubavu, hatua fupi, fimbo upande wa bondeni. Penye utelezi mkubwa mhamishie kifuani.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: juu ya maporomoko ni hatari kuliko chini. Juu maji yanaonekana yametulia, kina hakifiki gotini, mtu anaona hapa watoto watacheza. Mwamba ule una utando wa kijani, na maji ya kufika gotini yanambeba mtu mzima. Kule juu hakuna kuingia mtoni, mtoto wala mbwa. Kule chini chezeni mbali na panapoangukia maji, pale kuna mzunguko unaovuta, na mawe hudondoka.

Tazameni rangi ya maji kila baada ya muda. Yakianza kuwa ya kahawia, yakaleta majani na vijiti, au mngurumo ukabadilika, pandeni juu mara moja, hata kama kwenu jua linawaka. Mvua inakuwa imenyesha milimani.

mganga_wa_mifugo
Kuhusu mbwa. Hifadhi za Taifa hawaruhusiwi, kwa hiyo Kitulo, na Sanje iliyoko Udzungwa, msimpeleke. Kimani nayo ipo ndani ya pori la akiba la Mpanga-Kipengere, ni vilevile. Msitu wa Mlima Rungwe ndimo anamoishi kipunji, kima aliyetambuliwa na watafiti mwaka 2003. Mbwa huwatisha, na magonjwa yake yanahamia kwa wanyama wa porini. Kaporogwe mnapita mashambani, kwa hiyo ulizeni wenyeji kwanza.

Chanjo ya kichaa cha mbwa: ya kwanza akiwa na miezi 3, anarudia baada ya mwaka. Kama hajawahi kuchanjwa, mchanjeni angalau wiki nne kabla ya safari, kinga haijengeki kwa siku moja. Bebeni kadi. Vijijini atakutana na mbwa wengine, na kuku wako njiani, hivyo afungwe kamba muda wote. Tumieni mkanda wa kifuani badala ya kola, maana akiteleza ukingoni kola inamnyonga. Kamba iwe ya mita moja na nusu, msiizungushe kiganjani, na asipewe mtoto kuishika. Kilo 20 zikishtuka zinamburuta mtoto wa miaka 8 mpaka chini.

Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msikifunge.

mama_uyole
Asanteni sana. Kamba nitashika mimi, baba yao abebe mdogo. Siafu je?

mzawa_tukuyu
Wapo, hasa baada ya mvua. Suruali ziingizwe ndani ya soksi. Mkikanyaga msururu wao msisimame kujikung'uta palepale, tembeeni hatua kumi kwanza ndipo muwatoe. Mbwa mkagueni katikati ya vidole na ndani ya masikio. Jioni mkifika nyumbani rudieni kumkagua, safari hii mnatafuta kupe.

mganga_wa_mifugo
Na mkisimama Tukuyu kununua ndizi, mbwa asibaki ndani ya gari lililofungwa vioo. Hata kwenye baridi ya Tukuyu, jua likitoka kidogo gari linakuwa tanuri.